Kisanduku cha Kona ya Kulia

Jumatatu

Bosi amerudi kutoka Dar na wazo. Kwenye televisheni ya hotelini ameona kisanduku cha picha kikiingia kutoka pembeni, kikidunda kidogo, kikatulia, na mwisho wa habari kikatoka kwa adabu. Anataka nasi tuwe nacho. Kitengenezwe mara moja, kihifadhiwe, kisha kila kazi iwe ni kukivuta na kukidondosha tu. "Unapika siku moja, tunakula mwaka mzima," amesema.

Mteja wa kwanza ni kanisa linalotaka mkalimani wa lugha ya alama aonekane kwenye mahubiri. Mteja wa pili ni harusi. Nimeuliza kama na harusi ina mkalimani. Bosi amesema harusi ina kaka wa bwana harusi aliyeko Muscat, ambaye hakupata ruhusa kazini na atatoa salamu kwa video ya simu. Kisanduku ni kilekile.

Nimekitengeneza kwa klipu ya majaribio ya sekunde 10. Sekunde moja ya kuingia na kudunda, nane za kutulia, moja ya kutoka. Nukta za mwendo, zile unazobandika kwenye taimulaini ili programu ijue picha iwe wapi na wakati gani, zimekaa vizuri. Wakati wa kuhifadhi, programu imeniuliza nukta zishikamane na mwanzo wa klipu, zishikamane na mwisho wake, au zinyooke kufuata urefu wa klipu. Kunyooka ndiko kulikokuwa kumeshachaguliwa. Sikuona sababu ya kubishana na programu siku ya kwanza ya wiki.

Jumanne

Mahubiri yana dakika 40. Sekunde moja katika sekunde 10 ni sehemu ya kumi, na sehemu ya kumi ya dakika 40 ni dakika 4. Mkalimani ameingia kwenye picha kwa dakika 4.

Kwanza kimeonekana kiwiko. Wakati wa sala ya ufunguzi limeongezeka bega. Somo limesomwa akiwa nusu. Kule kudunda alikokupenda Bosi kumeanguka katikati ya matangazo ya michango, taratibu sana, kiasi kwamba dogo wa kamera ameuliza kama tripodi ilikuwa inalegea. Kutoka nako kumechukua dakika 4, kwa hiyo baraka za mwisho zimefasiriwa kwa mkono mmoja.

Bosi ameitazama yote mpaka mwisho. Amesema ina utulivu wa kiibada. Imetumwa.

Jumatano

Mkalimani amepanda ngazi hadi ofisini, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Ametusalimia vizuri, amekaa, amekubali chai.

"Kaka," ameniambia, "zile dakika nne za mwanzo nilikuwa nasema nini?"

Nimemweleza kwamba programu inanyoosha mwendo kulingana na urefu wa klipu.

"Sawa. Basi wasiosikia wa Jumapili walipata kiwiko."

Hakuna aliyemjibu. Bosi amemwongeza sukari.

Baada ya chai ametaka kuona kisanduku chenyewe. Bosi alishakibadilisha kuwa mduara, kwa sababu vijana wote wa mitandaoni wanajiweka kwenye mduara. Mkalimani amesimama katikati ya ofisi akaonyesha eneo anamofanyia kazi: juu kidogo ya kichwa, chini hadi kiunoni, pembeni hadi viwiko vikiwa vimefunguka. Halafu amenyoosha kidole kwenye skrini. Mduara ulikuwa umehifadhi uso wake vizuri sana na kuacha mikono yote miwili nje. "Hapa nimepigwa picha ya pasipoti," amesema.

Bosi amejitetea kwamba angalau ukubwa unatosha, maana amempa robo ya skrini. Mkalimani ameomba karatasi. Robo ya upana mara robo ya urefu, ameandika, ni moja ya kumi na sita. Kwenye picha ya 1920 kwa 1080 hicho ni kisanduku cha 480 kwa 270. Uingereza mwongozo wa watangazaji unataka mkalimani asipungue moja ya sita ya picha. Chukua theluthi ya upana na nusu ya urefu, yaani 640 kwa 540, unapata moja ya sita kamili, na umbo lake linamtosha mtu aliyesimama. Kenya nao, ameongeza, tangu 2003 sheria inazidai televisheni kisanduku cha lugha ya alama au maandishi ya chini kwenye taarifa za habari.

Bosi ameikunja karatasi akaiweka mfukoni. Kwa hesabu zake robo bado ni robo.

Alhamisi

Mkalimani amerekodi upya, nyumbani kwake, akisikiliza mahubiri kwa spika za masikioni. Amevaa blauzi ya rangi moja isiyo na maua, inayoachana na rangi ya ngozi yake ili mikono isomeke. Sisi tulimshauri avae kitenge cha kanisa. Alitutazama tu.

Jioni Bosi amegundua kwamba mikono inachelewa nyuma ya mdomo wa Mchungaji kwa sekunde mbili tatu. Mimi nilikuwa nimeshuka kununua maji. Mkalimani husikia kwanza, huelewa, ndipo hufasiri, na ucheleweshaji huo ndiyo kazi yenyewe, lakini Bosi ameuona kama kasoro, akaivuta klipu mbele, na kwa usalama akaongeza kidogo.

Sasa mkalimani anamaliza sentensi kabla Mchungaji hajaianza. Mzee wa kanisa amepiga simu kuuliza kama dada yule ana karama.

Ijumaa

Lawama ya leo imetoka kwa wanaosikia. Dakika ya 17, Mchungaji akiwa kwenye subira, sauti ya mwanamke imesema wazi kabisa: "Mtungi umeisha tangu asubuhi, sasa mnataka nipikie nini, miguu yangu?" Kisha mlango, kisha kuku.

Hakuna aliyekuwa ameisikiliza klipu ya mkalimani, kwa kuwa mkalimani haongei. Kumbe kiolezo kilihifadhiwa pamoja na kiwango cha sauti, na kiwango chenyewe kilipandishwa makusudi kwa ajili ya salamu za Muscat. Mzee wa kanisa anasema sehemu hiyo imewagusa wengi. Wasiosikia hawakuwa na malalamiko.

Nimezima sauti. Ya Muscat nayo imezimika.

Jumamosi

Nimeachana na kule kuhifadhi nukta na kuhamia kwenye njia nyingine: nimefungia kisanduku, fremu na mwendo wake ndani ya sikwensi moja, kisha sikwensi hiyo nikaiweka ndani ya kazi zote. Mahubiri ya wiki hii, ya wiki iliyopita, na harusi. Ukitaka mtu mwingine kisandukuni, unafungua sikwensi ya ndani na kubadilisha klipu.

Video ya harusi imeonyeshwa leo kwa familia zote mbili, sebuleni kwa baba wa bwana harusi. Wakati wa kukata keki, kwenye kona ya kulia, ameingia kwa ulaini mkubwa mkalimani wa lugha ya alama. Ametulia hapo. Amefasiri habari za mwana mpotevu kwa dakika nzima wakati maharusi wanalishana.

Familia ni watu wastaarabu na hawakusema kitu papo hapo. Upande wa bibi harusi ulidhani ni ndugu wa bwana harusi. Upande wa bwana harusi ulidhani ni ndugu wa bibi harusi. Mama mmoja alisifia blauzi. Ni shangazi wa bibi harusi peke yake aliyelivalia njuga, na hoja yake ilikuwa nyingine kabisa: yeye ndiye aliyesimamia kitchen party kuanzia kadi ya kwanza hadi sahani ya mwisho, na kwenye video nzima ameonekana mara moja akiwa ameinama. Sasa huyu ni nani mpaka apewe kisanduku chake?

Bosi amemwahidi shangazi kisanduku.

Jumapili

Sikwensi iliyofungiwa haizai nakala. Ukiiweka kwenye kazi tatu hujapata visanduku vitatu, umepata madirisha matatu yanayotazama chumba kimoja. Nimeijua leo saa nne asubuhi, kwa simu ya Mchungaji.

Usiku nilikuwa nimefungua sikwensi, nikamtoa mkalimani, nikamweka kaka wa Muscat. Harusi imekaa sawa. Asubuhi dogo wa kamera amerenda upya mahubiri, yale yenye kuku, bila kutazama, kwa sababu yalishapitishwa. Mahubiri ya toba yamerushwa kwenye skrini ya kanisa huku kona ya kulia kijana mwenye kanzu nyeupe, nyuma yake dirisha lenye kiyoyozi, akiinua glasi ya juisi na kuwatakia wote maisha marefu na watoto wengi. Kwa kuwa sauti imezimwa, alichosema hakikusikika. Mama mmoja asiyesikia amemuuliza mkalimani kwa ishara kama huyo ndiye anachukua nafasi yake, kwa sababu haelewi hata neno moja.

Mchungaji hakuwa na hasira. Aliomba tu kujua kijana ni wa dhehebu gani.

Jumatatu

Dogo wa kamera ameshusha DaVinci Resolve, toleo la bure. Ndani yake mna Fusion, sehemu ya kujengea vitu kwa nodi: kila kazi ni kiboksi kimoja, unaviunganisha kwa mistari. Picha inaingia, inakatwa umbo, inahamishwa, inatoka. Sehemu za skrini huko hazitajwi kwa pikseli. Kona ya chini kushoto ni 0 kwa 0, katikati ni 0.5 kwa 0.5, na kazi ikiwa kubwa au ndogo kisanduku kinajua mahali pake.

Kitu kilichonifanya nisahau chakula cha mchana kinaitwa Keyframe Stretcher. Kimetengenezwa kwa ajili ya violezo. Unakiambia: kuanzia mwanzo mpaka hapa usiguse, kuanzia hapa mpaka mwisho usiguse, katikati vuta utakavyo. Nimekipachika kwenye mwendo wa kisanduku peke yake, na nikajaribu kwa klipu ya sekunde 10, ya dakika 3 na ya dakika 40. Zote zimeingia kwa sekunde moja. Nimeirudia ile ya dakika 40 kwa ajili ya kuitazama tu.

Bosi ametazama pia. Ameuliza kudunda kuko wapi. Nimesema kupo, ila sasa ni kwa muda wake. Ameonekana kukumbuka kule kwa dakika 4.

Jumanne

Umeme umekatika saa tatu. Yuniti ziliisha, na aliyetumwa kununua alinunua za mita ya duka la chini.

Nikiwa nangoja nimesoma kwenye simu historia ya mambo haya. Picha ndani ya picha ilionekana kwenye matangazo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, pale mtambo wa kampuni ya Quantel ya Uingereza ulipotumika kuweka picha ya mwenge juu ya picha ya sherehe za ufunguzi. Nimeshuka kumwambia mzee wa vipuri, ambaye sasa ana umeme mwingi.

"Shikamoo mzee. Unajua kisanduku cha kwanza kilikuwa Olimpiki ya 1976?"

"Marahaba. 1976 sisi hatukwenda."

Nimesema namaanisha televisheni. Amesema hata televisheni hatukuwa nayo, ilikuwa Zanzibar tu. Tulisusa kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga kwa makaburu. Filbert Bayi alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3 na sekunde 32.2, aliyoiweka Christchurch 1974 huku John Walker wa hao hao New Zealand akimfukuza nyuma. Montreal dunia nzima ilingoja warudiane. Bayi akabaki nyumbani, Walker akachukua dhahabu. Mzee ameyasema haya akipima cheni ya pikipiki ya mteja, bila kuinua macho.

"Kwa hiyo kwenye hicho kisanduku chako," amemalizia, "mngemweka Bayi."

Alasiri amekubali kutupa umeme kwa waya wa kuunganisha kupitia dirishani, kwa sharti kwamba tusipige pasi.

Jumatano

Siku ya kufunga kila kitu kuwa makro. Unachagua nodi zako, unaamuru ziwe kitu kimoja, na orodha inafunguka ikikuuliza ni vitufe vipi mtumiaji aachiwe. Hapa ndipo kiolezo kinapoharibikia, na hakuna anayekuonya. Ukiacha vichache mno watu watakulalamikia. Ukiacha vingi wataviminya.

Bosi ametaka vyote. Nimempa vyote kwa majaribio, na kabla sijakaa dogo wa kamera amegeuza kisanduku nyuzi 180 na kukitia ukungu, akiutafuta mpaka wa dhahabu ambao Bosi aliuomba. Mkalimani alikuwa amesimama kichwa chini, kwa ukungu, ndani ya dhahabu. Bosi amesema rangi ndiyo yenyewe.

Nimebakiza vitatu: ukubwa, upande, na rangi ya mpaka. Mwendo nimeufungia ndani. Faili limehifadhiwa kwenye folda ya violezo vya upande wa kuhariri, programu imezimwa na kuwashwa, na kisanduku kimejitokeza kwenye orodha ya vionjo, kikiwa na jina lake. Mwisho wa faili ni .setting, na ndani ni maandishi matupu yanayosomeka hata kwenye daftari la kompyuta. Lina uzito mdogo kuliko picha moja ya simu.

Bosi amelipima uzito mara mbili. Ameuliza tutamtoza vipi mteja kwa kitu kisichojaza hata flashi.

Alhamisi

Shangazi amepata kisanduku chake. Sekunde moja kuingia, sekunde moja kutoka, mpaka wa dhahabu. Katikati yake anaonekana akikagua sahani kwa dakika 2. Ameagiza nakala sita za video, ambazo ni zaidi ya za maharusi.

Ijumaa

Kanisa linataka vipande vya simu, picha ya wima, 1080 kwa 1920. Kiolezo kimefuata amri: theluthi ya upana, nusu ya urefu. Kimetoa kisanduku cha 360 kwa 960. Mkalimani amebaki pua, vifungo vya blauzi na ncha za vidole zinazopita mara kwa mara. Isitoshe upande wa kulia wa simu ndiko zilikorundikana alama za kupenda, kutoa maoni na kushirikisha, kwa hiyo alama ya moyo imekaa juu ya mkono wake wa kulia. Kila anapofasiri "upendo" haionekani.

Kwa wima nimetengeneza kiolezo cha pili: Mchungaji nusu ya juu, mkalimani nusu ya chini, hakuna kisanduku, hakuna kuingia. Bosi ameuliza kinachodunda ni nini. Nimesema hakuna. Amekaa kimya muda mrefu.

Jumamosi

Mkalimani amekuja na ujumbe kutoka kwa waumini wasiosikia. Wanashukuru kwa moja ya sita. Wanashukuru kwamba haingii tena kwa kiwiko. Wana ombi moja. Wao Mchungaji hawamsikii, wanamwona tu akifungua na kufunga mdomo, na sura yake wanaijua. Je, haiwezekani mkalimani akawa ndiye picha nzima, na Mchungaji akakaa kwenye kisanduku?

Bosi amenigeukia. "Kiolezo kinaweza?"

Kiolezo hakijui kimembeba nani. Nimeishusha klipu ya mkalimani njia ya chini, nimeipandisha ya Mchungaji njia ya juu, nimekidondosha kisanduku juu yake. Mchungaji ameingia kutoka kulia kwa sekunde moja, amedunda, ametulia. Imechukua muda mfupi kuliko kuunganisha waya wa mzee wa vipuri.

Mkalimani ameitazama hadi mwisho akiwa amesimama. Kisha amekunywa chai yake yote na kuomba nyingine.

Jumapili

Imerushwa toleo hilo, kwa ibada ya pili tu. Mchungaji amempigia Bosi simu mchana. Nilikuwa karibu, na simu ya Bosi ina sauti ya kutosha watu wote.

Mchungaji amesema Bwana asifiwe. Amesema amefurahi sana kuona wale ndugu wakifuata mahubiri tangu mwanzo hadi mwisho, wengine wakicheka mahali pa kuchekea, jambo ambalo hajawahi kuliona. Amesema hana neno na kukaa kwenye kona, mtumishi hukaa popote. Ila amepimapima kwa macho na anaona moja ya sita ni ndogo mno kwa mtu wa nafasi yake. Kama haitakuwa usumbufu, anaomba wiki ijayo aongezwe kidogo. Angalau apewe robo.

"Robo unapata, Mchungaji," amesema Bosi, "tena bila gharama."

Amekata simu, amevuta kibodi, na kwenye kitufe cha ukubwa ameandika 0.25.